Kuchagua aloi ya alumini itakayostahimili kutu: jinsi ya kusoma kilichochanganywa ndani yake

Alumini ina pupa ya oksijeni kuliko chuma. Ukiikwaruza kwa tupa, sehemu iliyobaki wazi hufunikwa na utando mpya wa oksaidi kabla hujaiweka tupa mezani. Utando huo una unene wa nanometa 2 hadi 10 tu, nao ndio ulinzi wote wa metali hii. Hauonekani kwa macho, haubanduki magamba kama kutu ya chuma, na ukichubuka hujiziba wenyewe mradi kuna hewa au maji. Basi mtu akikuambia kwamba alumini haishiki kutu, anausifu utando, na utando hutegemea kilicho chini yake.

Chini yake ndiko mambo yanakoharibikia. Alumini safi ni laini mno kwa kazi nyingi, kwa hiyo viwanda huichanganya na shaba, magnesiamu, silikoni, manganizi au zinki ili ipate nguvu. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bamba, profaili au kipande cha kusubu mkononi, pengine na cheti chake cha kiwanda, anayetaka kujua kama kitadumu mahali anapokusudia kukiweka. Nitarudia swali moja katika kila hatua: elementi hii iliyoongezwa imekaa wapi ndani ya metali?

Nauliza hivyo kwa sababu elementi iliyoyeyuka ikasambaa sawasawa ndani ya alumini huwa haina vurugu kubwa. Ikikusanyika kuwa chembe, kila chembe inakuwa na volteji yake, tofauti na ya alumini inayoizunguka, na maji yenye chumvi yakifika hapo unapata betri ndogo. Chembe ikiwa upande wa kathodi, alumini iliyo kandokando yake ndiyo inayoliwa, na kishimo huanza. Chembe ikiwa upande wa anodi, yenyewe ndiyo huliwa. Hilo la pili linaonekana si baya, mpaka chembe hizo zijipange mstari kwenye mipaka ya punje za metali, yaani fuwele ndogondogo zinazoiunda. Hapo kutu hupata njia ya kuingia ndani kabisa huku uso wa juu ukibaki unang'aa.

Hatua ya 1: Yajue mazingira kabla ya aloi

Jibu maswali manne na uyaandike: pH ya kitakachoigusa metali, chumvi iliyopo, joto la kazi la muda mrefu, na metali jirani.

Utando wa oksaidi ni imara kati ya pH 4 na 9 hivi. Nje ya hapo huyeyuka, kwenye asidi na kwenye alkali pia, na hakuna aloi itakayokuokoa. Zege bichi lina pH inayozidi 12. Kostiki soda hula alumini huku ikitoa haidrojeni inayochemka mbele ya macho yako. Ukiwa na mazingira ya namna hiyo, acha kuchagua aloi na tafuta rangi nzito, mpira wa kutenganisha, au metali nyingine. Kuna ajabu moja ya kukumbuka: asidi ya nitriki iliyokolea sana, ambayo hutafuna metali nyingi, huhifadhiwa kwenye matangi ya alumini safi bila shida, kwa sababu inaulisha utando oksijeni badala ya kuuvunja. Tutaikuta tena asidi hiyo katika hatua ya 4, kwa kazi tofauti.

Chumvi, yaani kloraidi, ndiyo adui wa kila siku. Haiyeyushi utando wote. Hupenya mahali padhaifu na kuchimba. Maji yaliyotuama chini ya tabaka la vumbi au ndani ya mwanya kati ya mabamba mawili ni mabaya kuliko mvua inayoosha na kupita, kwa kuwa ndani ya mwanya oksijeni huisha na asidi hujilimbikiza.

Joto linalohitaji tahadhari ni la kuanzia nyuzi 65 hivi za Selsiasi. Na kuhusu jirani, usiangalie tu kinachogusana moja kwa moja. Maji yaliyopita kwenye bomba la shaba kisha yakadondokea alumini hubeba shaba iliyoyeyuka, ambayo hunata juu ya alumini na kuanzisha vishimo mbali kabisa na bomba lenyewe.

Hatua ya 2: Soma namba

Aloi za mabamba na profaili zina tarakimu nne, na ya kwanza hukuambia elementi kuu. Moja ni alumini yenye usafi wa angalau asilimia 99.00. Mbili ni shaba, tatu manganizi, nne silikoni, tano magnesiamu, sita ni magnesiamu pamoja na silikoni, saba ni zinki, na nane ni mchanganyiko wa mengineyo. Aloi za kusubu zina tarakimu tatu, nukta, kisha tarakimu moja, kwa mfano 356.0. Baada ya namba huja herufi ya hali ya ugumu: O kwa iliyolainishwa, H kwa iliyokazwa kwa kuviringishwa au kuvutwa ikiwa baridi, na T kwa iliyokazwa kwa joto. Usiitupe herufi hiyo. Kwa baadhi ya aloi ina uzito sawa na namba yenyewe.

Kwa kukadiria haraka, familia ya 1, ya 3 na ya 5 zinaongoza kwa kustahimili kutu. Ya 6 inafuata kwa karibu. Ya 7 isiyo na shaba iko katikati. Ya 2, na ya 7 yenye shaba, ziko mkiani. Kiwango cha Ulaya cha miundo ya alumini, EN 1999-1-1, kinafanana na mpangilio huo: aloi za manganizi na magnesiamu ziko daraja A, za familia ya 6 daraja B, na 7020, ambayo ni ya zinki, daraja C.

Mpangilio huu unafaa kuanzia, haufai kumalizia. Bamba la familia ya 5 lililokaa kwenye joto kwa miaka linaweza kuharibika vibaya kuliko profaili ya familia ya 6 iliyo kando yake.

Hatua ya 3: Weka kidole kwenye safu ya shaba

Ukiwa na cheti na dakika moja tu, soma safu hii na uache nyingine zote. Hakuna elementi ya kawaida inayoiharibia alumini ulinzi wake kama shaba, na hakuna iliyoisaidia zaidi kupata nguvu. Mjerumani Alfred Wilm aligundua mwaka 1906 kwamba alumini yenye shaba na magnesiamu kidogo, ikipozwa ghafla kisha ikaachwa tu, inazidi kuwa ngumu siku baada ya siku. Ugunduzi huo ulizaa duralumini na ndege za metali, na pia ulizaa tatizo la kutu ambalo mafundi wa ndege bado wanapambana nalo.

Chukua 2024, yenye shaba asilimia 3.8 hadi 4.9 na magnesiamu 1.2 hadi 1.8. Ndani yake kuna chembe za alumini, shaba na magnesiamu zilizoungana. Maji ya chumvi yakizifikia, magnesiamu na alumini hutoka kwanza. Kinachobaki ni sifongo laini la shaba tupu, nalo huwa kathodi kali. Vipande vya sifongo hilo humeguka, vingine huyeyuka na kutua mahali pengine juu ya bamba, na kila kinapotua huzaliwa betri mpya. Ndiyo maana vishimo vya 2024 huenea hata pale ambapo hapakuwa na chembe hapo mwanzo.

Volteji inaeleza habari hiyohiyo. Ikipimwa kwa elektrodi ya kalomeli, ambayo ni kipimo cha kulinganishia, kwenye myeyusho wa chumvi, alumini safi inasoma karibu volti hasi 0.75, wakati 2024 katika hali ya T3 inasoma karibu hasi 0.60, kwa sababu shaba iliyoyeyuka ndani yake imeipandisha. Shaba ikitoka kwenye myeyuko na kuwa chembe kwenye mipaka ya punje, ukanda mwembamba ulio kando ya mpaka hubaki bila shaba, volteji yake inashuka, na ukanda huo ndio huliwa.

Kiasi gani kinavumilika? Kwa kitu kitakachokaa wazi, bila rangi, kwenye hewa yenye chumvi, mimi sitaki kuona zaidi ya asilimia 0.10. Aloi 6063 na 6082 zote zina kikomo hicho. Aloi 6061 ina 0.15 hadi 0.40, na inafanya kazi vizuri sehemu nyingi, lakini nikipewa uchaguzi kati yake na 6082 kwa kazi ya pwani, nachukua 6082 bila kusita, nguvu zinakaribiana. Shaba ikizidi asilimia moja, ihesabu metali hiyo kuwa iko uchi mpaka ivikwe.

Hatua ya 4: Magnesiamu, rafiki mwenye masharti

Hapa habari ni njema kwa sehemu kubwa. Magnesiamu iliyoyeyuka haiiondoi alumini kwenye volteji yake kwa kiasi cha kuleta shida. Inaiongezea nguvu, haihitaji kutibiwa kwa joto, na inachomeleka vizuri. Ndiyo sababu mashua na meli za alumini hujengwa kwa familia ya 5: 5052 yenye magnesiamu asilimia 2.2 hadi 2.8, 5754 yenye 2.6 hadi 3.6, 5086 yenye 3.5 hadi 4.5, 5083 yenye 4.0 hadi 4.9, na 5456 inayofika 5.5.

Masharti yanaanza asilimia 3 ikipitwa. Alumini ikiwa kwenye joto la nyuzi 450 hivi inaweza kumeza magnesiamu karibu asilimia 15, lakini ikipoa uwezo huo unashuka chini ya 2. Kwa maana hiyo 5083 iliyo mkononi mwako ina magnesiamu nyingi kuliko inavyostahili kuwa nayo, na ziada hiyo inasubiri nafasi ya kutoka. Kwenye ubaridi haitembei. Ikipashwa joto la zaidi ya nyuzi 65 kwa muda mrefu, magnesiamu husogea polepole hadi kwenye mipaka ya punje na kuunda chembe zenye atomu tatu za alumini kwa mbili za magnesiamu. Chembe hizo ni anodi kali. Zikiwa zimetengana, hasara ni ndogo. Zikiungana kuwa mnyororo, mpaka mzima wa punje unakuwa njia ya kutu, na mkazo ukiongezeka juu yake bamba linapasuka.

Jeshi la majini la Marekani lilijifunza hilo kwa gharama kubwa kwenye meli za kivita za daraja la Ticonderoga, ambazo sehemu zao za juu zilijengwa kwa 5456. Miaka ya jua kwenye mabamba hayo, pamoja na chumvi na mitikisiko, ilizaa nyufa zilizohitaji matengenezo yasiyokwisha.

Kipimo cha hali hiyo kipo, na ndicho kinachoirudisha asidi ya nitriki. Asidi iliyokolea haiigusi alumini yenyewe lakini huzila upesi chembe za magnesiamu. Katika kipimo cha G67 cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, kipande huzamishwa kwenye asidi hiyo kwa saa 24 kwenye nyuzi 30, kisha hupimwa uzito. Mipaka ikiwa imejaa chembe, punje nzima hudondoka na uzito hupungua sana. Kikipoteza miligramu zisizozidi 15 kwa kila sentimita ya mraba, bamba ni salama. Kikizidi 25, limeharibika kwa ndani hata kama linang'aa.

Kwa vitendo: kitu kitakachofanya kazi kwenye joto, kama kifuniko cha injini, tangi la kimiminika cha moto au bomba la moshi, kipe 5052 au 5454, ambayo magnesiamu yake inaishia asilimia 3.0. Kwa kiunzi cha mashua kisichopata joto, 5083 au 5086 ni sawa kabisa, lakini agiza hali ya H116 au H321 na uhakikishe cheti kinataja kiwango cha ASTM B928, kinachodai mabamba yajaribiwe dhidi ya kutu ya mipaka ya punje. Bamba la 5083 lisilo na maneno hayo kwenye cheti linaweza kuwa zuri. Linaweza pia kuwa limeviringishwa kiwandani kwenye joto lisilofaa, na hutalijua kwa kulitazama.

Hatua ya 5: Chuma, manganizi na silikoni

Chuma hakuna anayekiweka kwa makusudi katika aloi nyingi. Huja na madini, na huongezeka alumini inapoyeyushwa tena kutoka kwenye chakavu. Alumini ngumu haiwezi kuyeyusha hata asilimia 0.1 ya chuma, hivyo karibu chuma chote unachokiona kwenye cheti kimekaa kama chembe, na chembe hizo ni kathodi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya alumini ya asilimia 99.99 na ile ya 99.0: zote zinaitwa safi, lakini ya pili ina vianzio vingi vya vishimo.

Manganizi ndiyo dawa yake. Inajiingiza kwenye chembe za chuma na kuzibadilisha kuwa aina ambayo volteji yake inakaribiana na ya alumini, na betri inakosa nguvu. Ndiyo maana 3003, yenye manganizi asilimia 1.0 hadi 1.5, inavumilia chuma hadi 0.7 na bado hutumika kwa mabati ya kuezekea, sufuria na mabomba ya kupozea. Kwenye cheti usisome chuma peke yake. Soma pamoja na manganizi iliyo jirani.

Silikoni inatisha kuliko inavyodhuru. Chembe zake ni kathodi, ila hupitisha mkondo mdogo sana. Kwa hiyo aloi za kusubu zenye silikoni nyingi bila shaba ya kuongezwa makusudi, kama A356.0 yenye silikoni 6.5 hadi 7.5 au 413.0 yenye 11 hadi 13, hustahimili hali ya hewa vizuri. Zile za kusubu kwa shinikizo, A380.0 yenye shaba 3.0 hadi 4.0 na chuma hadi 1.3, au ADC12, jina la mfumo wa Kijapani, yenye shaba 1.5 hadi 3.5, zinafanana nazo kwa macho lakini zinajaa unga mweupe mapema. Ukikuta kasha la pampu au la injini ya mashua limeota unga huo, tafuta kwanza aina ya aloi kabla ya kulaumu rangi.

Katika familia ya 6 silikoni na magnesiamu huungana, na uwiano ambao zote mbili huungana bila ziada ni magnesiamu 1.73 kwa silikoni 1 kwa uzito. Silikoni ya ziada ikibaki peke yake husameheka, 6082 ni mfano. Ikikutana na shaba ya ziada, hapo ndipo kutu ya mipaka ya punje hujitokeza.

Hatua ya 6: Zinki, na aloi zilizotengenezwa ili ziliwe

Zinki hushusha volteji ya alumini. Hilo linaweza kuwa laana au msaada, kutegemea umeiweka wapi.

Msaada kwanza. Mwaka 1927, E. H. Dix wa kampuni ya Alcoa alitangaza njia ya kuvika aloi yenye nguvu tabaka jembamba la alumini lililoviringishwa pamoja nayo, bidhaa inayoitwa Alclad. Bamba la 2024 huvikwa alumini iliyo karibu safi; bamba la 7075 huvikwa 7072, ambayo ina zinki asilimia 0.8 hadi 1.3. Kila upande huchukua kama asilimia 2.5 hadi 5 ya unene wote. Tabaka hilo huliwa badala ya kiini, hata mahali lilipokwaruzwa, na pia kwenye kingo zilizokatwa. Ukipata bamba la namna hii, usilipige msasa mpaka ling'ae. Utaondoa ulinzi wenyewe uliolipia.

Matofali ya kulinda mashua, yanayofungwa kwenye chuma chake ili yaliwe badala yake, yanaipeleka hoja hiyo mbali zaidi. Ni alumini yenye zinki asilimia chache na indiamu kiasi cha asilimia 0.02 hivi. Indiamu kiasi hicho, ambacho mashine nyingi za karakana haziwezi hata kukipima, hutosha kuuzuia utando usishike, na alumini inabaki ikiliwa mfululizo kwa faida ya chuma kilichofungwa nayo. Zebaki na galiamu hufanya jambo kama hilo bila kualikwa. Tone moja la zebaki kwenye alumini ni sababu ya kukitoa kifaa kazini.

Upande wa laana ni 7075, yenye zinki 5.1 hadi 6.1, magnesiamu 2.1 hadi 2.9 na shaba 1.2 hadi 2.0. Katika hali ya T6 ina nguvu ya ajabu, na hupasuka kwa kutu ikiwa chini ya mkazo, hasa mkazo ukivuta kukatiza unene wa bamba. Hapa herufi ya hali ndiyo inayoamua. Ikipikwa zaidi hadi T73, chembe za mipaka hunenepa na kutengana, nguvu hushuka kwa asilimia 10 hadi 15, na nyufa karibu zinakoma. T76 ipo kati, nayo hulenga zaidi kuzuia bamba kubanduka tabaka kwa tabaka. Na hapa kanuni yangu ya hatua ya 3 inapinda: katika aloi hizi zilizopikwa zaidi, shaba husaidia kupunguza kasi ya nyufa, ingawa bado huongeza vishimo.

Hatua ya 7: Kama huna cheti

Bamba lisilo na karatasi unaweza kulipanga kwenye kundi lake kwa tone la kostiki soda. Vaa miwani ya kinga na glavu, fanya kazi mahali penye hewa na pasipo moto, maana haidrojeni itatoka. Kwanza mimina maji, kisha tia kostiki soda ndani yake polepole, sehemu moja kwa tisa; usigeuze utaratibu huo. Safisha sehemu ndogo ya bamba kwa msasa mpya, kwenye kona isiyoonekana, futa kwa kitambaa safi, weka tone, subiri dakika chache, kisha osha.

Doa likiwa jeupe au la rangi ya fedha, una alumini safi, au aloi ya manganizi, au ya magnesiamu. Likiwa jeusi tititi, kuna shaba au zinki nyingi: familia ya 2 au ya 7. Likiwa la kijivu hadi kahawia, fikiria silikoni. Bamba lililovikwa litakudanganya kwa sababu tone litagusa tabaka la juu tu, basi jaribu pia kwenye ukingo uliokatwa. Ukiona mistari miwili myeupe na katikati pameiva weusi, umekutana na Alclad.

Mashine ya mkononi ya eksirei husoma shaba, zinki, chuma na manganizi vizuri. Magnesiamu na silikoni ni nyepesi, na mashine za zamani huzikosa kabisa. Zaidi ya hapo, hakuna mashine ya namna hiyo inayoweza kutofautisha T6 na T73, wala 5083 nzima na ile iliyokaa miaka kumi juu ya injini, kwa kuwa muundo wa kemia ni uleule.

Hatua ya 8: Waya wa kuchomelea na bolti

Ukichomelea unaongeza aloi ya tatu kati ya mabamba mawili. Kwa familia ya 6, waya wa 4043 wenye silikoni 4.5 hadi 6.0 unafaa, ila ukikusudia kuanodaizi, yaani kuunenepesha utando wa oksaidi kwa umeme, mshono utatoka mweusi, basi tumia 5356. Kwa 5083, tumia 5183 au 5356, kamwe usitumie 4043, kwa sababu magnesiamu ya bamba na silikoni ya waya zitaungana kwenye mshono na kuufanya mkavu wa kuvunjika. Kwa sehemu yenye joto, 5356 ina magnesiamu karibu 5, na tumeona mwisho wake, chukua 5554.

Bolti za chuma kisichoshika kutu huvumilika pale alumini ilipo kubwa na bolti ndogo, ukiweka washa za nailoni na dawa ya kuziba. Geuza uwiano huo, ribiti za alumini kwenye bamba la chuma hicho, na ribiti zitaisha. Shaba na shaba ya manjano zisiguse alumini mahali penye unyevu. Kadhalika nyuzi za kaboni, ambazo watu husahau kwamba hupitisha umeme.

Hatua ya 9: Unene na jaribio la mahali penyewe

Kina cha vishimo kwenye alumini hukua takriban kwa kipeuo cha tatu cha muda. Maana yake kwa mnunuzi ni hii: bamba lenye unene maradufu halitoboki baada ya muda maradufu, bali baada ya muda mara nane hivi. Mara nyingi milimita moja ya ziada kwenye aloi nzuri ina faida kuliko aloi ya bei juu. Kanuni hii ni ya vishimo tu. Haihusu nyufa wala kutu ya mipaka ya punje.

Kama kazi ni kubwa, tundika vipande vya majaribio mahali halisi. Kata vipande vya saizi moja, kimoja kikiwa na mwanya wa kufungwa kwa washa ya plastiki na kingine kikiwa na mshono wa kuchomelea, vipime uzito, uviache. Ukivitoa, ondoa unga kwa kuvizamisha kwenye asidi ya nitriki iliyokolea kwa dakika moja hadi tano, kwa kinga kamili, suuza, kausha, pima tena. Matokeo ya ukungu wa chumvi wa maabara, kipimo cha ASTM B117, yasikutoshe: hayakuwekwa kupanga aloi kwa jinsi zitakavyodumu baharini.

Uzito uliopungua utakuambia kidogo. Kishimo kimoja kirefu hupunguza uzito usioonekana kwenye mizani, nacho ndicho kinachotoboa tangi. Pima kina cha vishimo virefu vichache kwa hadubini. Kisha kata kipande kimoja kukatiza unene, ling'arishe eneo la mkato na ulitazame: ukiona mistari myembamba inayofuata mipaka ya punje kuelekea ndani, aloi hiyo haifai hapo, hata kama mizani haikusema kitu.